Injini Inanguruma, Boti Haiendi: Hotuba kwa Manahodha na Mafundi wa Injini za Boti

Ndugu manahodha, mafundi wenzangu, na ninyi vijana mnaojifunza kazi hii, asanteni kwa kufika. Nimeombwa nizungumzie tatizo moja tu, nami nimelipokea kwa moyo mmoja kwa sababu ni tatizo linalowatia watu hasara isiyo ya lazima, na baharini linaweza kuwatia hatarini.

Tatizo lenyewe mnalijua. Boti inaondoka vizuri. Unaongeza mafuta kidogo, inakwenda. Unaongeza tena, inakwenda. Lakini ukifungua mafuta mpaka karibu na mwisho, pale unapotaka ipande juu ya maji na kushika kasi, msukumo unakatika. Boti inakaa chini, povu la nyuma linalegea, abiria wanageuka kukutazama. Ukirudisha mafuta, inashika tena na kwenda kama kawaida. Ukifungua, inaachia.

Sasa, fundi akiletewa maneno haya, mara nyingi mkono wake unakwenda wapi? Unakwenda juu. Anafungua kifuniko, anang'oa kabureta, anabadilisha plagi, anapuliza mirija ya mafuta. Kule juu kunafikika, kuna mwanga, na ndiko alikozoea. Mwenye boti analipa, anarudi majini, tatizo liko pale pale. Safari ya pili anauziwa koili ya kuwashia plagi. Ya tatu anaambiwa gia boksi imekwisha. Na muda wote huo ubovu ulikuwa kwenye bushi ya mpira ndani ya propela, mahali ambapo hakuna aliyepatazama.

Kwa hiyo naomba kabla ya spana kutoka kwenye mfuko, swali hili liulizwe na lijibiwe: boti ilipopoteza nguvu, sauti ya injini ilipanda au ilishuka?

Hilo ndilo swali ninalotaka mwondoke nalo, maana linaigawa kazi yote mara mbili. Sauti ikipanda, yaani injini inalia kwa mizunguko mingi huku boti inapungua mwendo, basi injini yenyewe ni nzima. Nguvu inatengenezwa, ila haifiki kwenye maji. Inapotelea njiani, au propela inazunguka bila kushika. Sauti ikishuka pamoja na mwendo, basi injini ndiyo inayochoka, na hapo una haki ya kufungua kifuniko. Haya ni magonjwa mawili tofauti, na dawa ya moja haitibu jingine.

Kama boti ina mita ya mizunguko, isome. Kama haina, sikio linatosha. Na kama mwenye boti hakumbuki, kwa kuwa wakati ule alikuwa anapambana na wimbi, nendeni pamoja majini, mtu mmoja ashike usukani, mwingine akae tezini, yaani nyuma ya boti, na simu, arekodi sauti. Mkirudi nchi kavu mtaisikiliza mara kumi bila kubishana.

Hapa lakini pana mtego, hasa kwenye injini za kisasa zenye kompyuta. Injini hizi zina kikomo cha mizunguko. Propela ikiteleza, injini inapaa mpaka ifike kwenye kikomo, na pale kompyuta inakata moto kwa vipindi ili kuilinda. Unachosikia ni kukatakata, pap-pap-pap, kama injini yenye plagi mbovu. Fundi akisikia hivyo anasema ni umeme. Usikilize kilichotangulia. Kama mizunguko ilipaa kwanza ndipo ikaanza kukatakata, umeme hauna kosa, unafanya kazi uliyowekewa.

Tuanze na sauti inayopanda, kwa kuwa ndiko kwenye mengi.

Propela nyingi za injini za nje, yaani zile zinazofungwa nyuma ya boti kwa nje, hazikufungwa moja kwa moja kwenye shafti, ule mhimili unaozungushwa na injini. Katikati kuna mkono wa chuma, yaani bomba fupi lenye meno ya ndani, yanayokaa kwenye meno ya shafti. Kati ya mkono huo na mwili wa propela kuna bushi ya mpira iliyoshindiliwa kwa mashine ya kukandamiza. Kazi ya mpira huo ni kumeza mshtuko unapoingiza gia, na kuachia pale propela inapogonga gogo au mwamba, ili gia zisivunjike. Mpira ukishagongwa vya kutosha, au ukizeeka, unapoteza mshiko. Shafti inazunguka, mkono wa chuma unazunguka nao, lakini mwili wa propela unabaki nyuma, kama mguu wenye maji unavyozunguka ndani ya kandambili.

Watu wananiuliza: kama mpira umeachia, mbona boti inakwenda vizuri ikiwa taratibu? Jibu liko kwenye maji. Ukizidisha mizunguko ya propela mara mbili, nguvu ya kuisokota haiongezeki mara mbili, inaongezeka takriban mara nne, na kazi inayotakiwa kutoka kwenye injini inaongezeka takriban mara nane. Kwa hiyo mpira uliobakiwa na robo ya mshiko wake unaweza kabisa kukupeleka kwa nusu ya mizunguko bila kuteleza hata kidogo. Ndiyo maana ubovu huu hujificha. Ndiyo maana pia ukiizungusha propela kwa mkono ukiwa ufukweni utaiona imara kama mpya, nawe uapie kwamba ni nzima. Nguvu ya mkono wako haifiki hata karibu na ile ya injini.

Basi utaujuaje? Kuna kipimo rahisi mno, na ningependa kila kijana hapa akifanye kwa mikono yake. Zima injini. Chomoa kamba ya usalama, toa ufunguo, na vua waya za plagi. Narudia, vua waya za plagi, kwa sababu kuzungusha propela kwa mkono huku gia imeingia kunaweza kuiwasha injini, na propela haijui kidole cha nani. Sasa tazama propela kwa nyuma, kwenye nati. Utaona duara la mkono wa chuma wa ndani na duara la mwili wa propela. Pakaushe vizuri kwa kitambaa. Chukua rangi ya kucha au rangi ya mafuta, au mkwaruzo wa msumari kama rangi huna, uchore mstari mmoja ulionyooka unaoanzia kwenye chuma cha ndani, ukapita juu ya mpira, ukaishia kwenye mwili wa propela. Acha ukauke. Rudisha waya zako, nenda majini, fungua mafuta mpaka boti iachie kama ilivyozoea kuachia, kisha rudi taratibu. Zima tena, vua waya tena, tazama. Mstari ukiwa bado umenyooka, mpira ni mzima, nawe tafuta kitu kingine. Nusu ya mstari ikiwa huku na nusu kule, kesi imekwisha. Hakuna haja ya kabureta, hakuna haja ya gia boksi.

Kwenye baadhi ya propela chuma cha ndani kimefunikwa na washa, yaani kisahani cha chuma chenye tundu, huwezi kukiona bila kufungua nati. Fungua, chora, funga tena. Ni kazi ndogo.

Injini ndogo nyingi za zamani hazina mpira huu, zina pini inayopita kwenye shafti. Hiyo ikikatika unapoteza msukumo wote, kwa mafuta machache na kwa mafuta mengi, kwa hiyo haifanani na ugonjwa wetu wa leo.

Mshukiwa wa pili ni hewa. Propela inasukuma maji. Ikimeza hewa, inapoteza mshiko papo hapo na injini inapaa. Tofauti yake na mpira ni tabia. Mpira unaachia hata kwenye maji matulivu, boti ikienda moja kwa moja, na kila safari unaachia mapema kuliko iliyopita. Hewa inachagua wakati: unapokata kona kali, wimbi linapoinua tezi, unapoinua mguu wa injini kupita kiasi, au abiria wanaposogea wote upande wa omo, yaani mbele, na tezi ikanyanyuka. Ukiona tatizo linakuja na kuondoka kulingana na mzigo na mawimbi, acha kwanza propela, pima urefu wa injini.

Injini za nje hutengenezwa kwa urefu wa mguu unaolingana na kimo cha ubao wa tezi. Vipimo vya kawaida ni inchi 15, inchi 20 na inchi 25, yaani takriban sentimita 38, 51 na 64. Injini ya mguu mfupi ikifungwa kwenye boti yenye ubao mrefu, propela inakaa karibu mno na uso wa maji, na hakuna fundi atakayeiponya kwa spana. Juu ya propela kuna bamba bapa la kuzuia hewa isivutwe kutoka juu. Chukua ubao ulionyooka, uubane chini ya boti kwenye mstari wa katikati, uutoe nje kuelekea nyuma mpaka ufike kwenye injini. Bamba linatakiwa kuwa sawa na ubao huo au juu yake kidogo, tuseme mpaka inchi moja. Likiwa juu zaidi ya hapo, shusha injini kwenye ubao wa tezi kabla hujafanya lingine lolote.

Tazama pia kilicho mbele ya propela. Kifaa cha kupimia kina kilichopigwa misumari ovyo, kipande cha faiba kilichobanduka, makome yaliyoota mstari mmoja na propela, vyote hivyo hupasua maji na kuyachanganya na hewa kabla hayajaifikia propela. Boti iliyokuwa nzima mwaka jana na mwaka huu inaachia, na injini haijaguswa, mara nyingi nimeikuta imeotewa na makome tu. Kwangua, jaribu tena.

Kuna na hewa ya aina nyingine, moshi. Kwenye injini nyingi moshi unatokea katikati ya propela. Nyuma ya propela hizo kuna ukingo uliotanuka kama mdomo wa tarumbeta, unaosaidia kuutupa moshi nyuma. Ukingo huo ukimeguka, moshi unaweza kurudi kwenye mapanga na propela ikazunguka ndani ya moshi wa injini yake yenyewe. Watu hutazama mapanga, wakisahau ukingo.

Na mapanga yenyewe yasipuuzwe. Panga likipinda au likimeguka kwenye ukingo wa mbele, maji yanayopita pale hushuka presha kiasi cha kuchemka yakiwa baridi, yanatoa mapovu ya mvuke, na mapovu yakipasuka yanakula chuma. Utaona vishimo vidogo vidogo kana kwamba chuma kimedonolewa. Kujua kama panga limepinda, huku waya za plagi zimevuliwa na gia iko huru, shikilia msumari karibu na ncha ya panga moja, usimame hapo hapo, zungusha propela polepole. Ncha za mapanga yote zipite umbali ule ule kutoka kwenye msumari. Moja ikipita mbali au ikigonga, umepata.

Mshukiwa wa tatu ana kelele zake. Boti inaachia na kushika, inaachia na kushika, na kila ikishika kuna kishindo kinachotikisa mguu wote wa injini, ga-ga-ga, pengine hata mkono wa gia unatetemeka. Hiyo ni gia inaruka. Ndani ya gia boksi kuna kipande chenye meno kinachosogea juu ya shafti ya propela na kuuma kwenye gia ya mbele au ya nyuma. Meno hayo yakiwa mapya kona zake ni kali, zimekatwa sawa, yakiuma hayatoki. Yakichakaa kona zinakuwa mviringo. Ukilishika jino la namna hiyo na kupitisha kidole gumba, linateleza kama kokoto la mtoni. Kwa mafuta machache linauma, kwa mafuta mengi linapanda juu ya mwenzake na kuruka.

Kabla ya kushusha gia boksi, hakikisha kebo ya gia imerekebishwa sawa, kwa sababu kebo isiyofika mwisho inafanya meno yaume nusu tu, na kuuma nusu ndiko kunakoyala. Kebo ikiwa sawa na bado inaruka, basi hapo gia boksi ifunguliwe kweli. Na usiendelee kuendesha ukijipa moyo, kila kishindo kinameza chuma zaidi.

Nami niseme kwa manahodha, kwa heshima zote: chanzo kikubwa cha meno kuisha ni mkono wa upole. Mtu anaingiza gia polepole akidhani anaihurumia injini, na meno yanasagana trrr kabla hayajaingia. Gia ya injini ya nje huingizwa kwa mizunguko ya chini kabisa, lakini kwa mkupuo mmoja, bila kusita. Kishindo kidogo kimoja ni afya.

Kama oili ya gia ina rangi ya maziwa, maji yameingia. Fungua propela utazame nyuma yake, mshipi wa nailoni uliojisokota kwenye shafti hukata sili, ule mpira unaozuia maji yasiingie, bila huruma.

Sasa upande wa pili, sauti inaposhuka. Hapa nitapita haraka maana wengi wenu ni mabingwa kuliko mimi. Injini inayokwenda vizuri taratibu na kuchoka inapofunguliwa, mara nyingi ina njaa ya mafuta. Anza na tundu la hewa la tangi. Likifungwa, tangi linavuta ombwe na mafuta hayaji. Kisha tazama ile pampu ya mkono ya mpira kwenye bomba la mafuta wakati injini iko kwenye mizunguko ya juu. Ikinywea na kubonyea, kizuizi kiko kati yake na tangi. Mwenzako akiibinya kwa mkono na injini ikapata nguvu tena, basi pampu ya mafuta ya injini imechoka, au kuna kizuizi ambacho mkono wake umekishinda kwa muda. Bomba la zamani linaweza kuwa zima kwa nje na ngozi yake ya ndani imebanduka, ikaziba njia mafuta yanapovutwa kwa kasi. Njia fupi ya kukata ubishi ni kuunganisha tangi jingine dogo, lenye bomba lake na mafuta safi. Injini ikipona, ubovu uko kwenye boti, haupo kwenye injini.

Tazama pia mkondo wa maji ya kupozea. Ukiwa dhaifu, injini nyingi za kisasa hujipunguza nguvu zenyewe zinapopata joto, na hapo kuilazimisha ni kuiua. Ila yote haya, nasisitiza, ni kwa sauti inayoshuka.

Mahali pa kupimia pana maana. Injini ikiwa kwenye pipa la maji, maji yanazunguka pamoja na propela na kujaa hewa, na hata propela nzima itaonekana inateleza. Boti iliyofungwa gatini nayo inazungusha maji yale yale yenye mapovu. Na kuifungua injini mpaka mwisho ikiwa nchi kavu, imevalishwa bomba la maji, ni kuitafutia kifo, maana haina mzigo wa kuizuia. Kipimo cha kweli ni boti majini, inatembea, mbali na waogeleaji, watu wawili ndani, makoti ya kuokolea mwilini.

Nije kwenye jambo linaloniuma. Nimeona propela ambazo mpira wake umeachia, na fundi ametoboa mwili mpaka kwenye chuma cha ndani, akapiga bolti mbili, akamwambia mwenyewe kazi imekwisha. Ni kweli haitateleza tena. Lakini kinga yote ya gia imeondolewa. Siku propela hiyo itakapogonga mwamba, hakuna kitakachoachia ila gia au shafti, na boti ambayo ingerudi nyumbani taratibu itabaki inaelea. Kuna watu ndani ya boti ile. Fundi anayefanya hivyo bila kumweleza nahodha amemchukulia uamuzi usio wake.

Dawa halali ni mbili. Propela ya mpira ulioshindiliwa hupelekwa kwenye karakana yenye mashine ya kukandamiza, mpira wa zamani unatolewa, mpya unaingizwa. Propela za aina mpya zina bushi inayobadilishwa kwa mkono, na hizo ni rahisi, kitu cha kubeba botini kama akiba. Mpira ukiachia nawe uko mbali, punguza mafuta mpaka pale unaposhika, na usivuke hapo. Ukiendelea kuusugua unapoteza hata kile kidogo kilichobaki.

Unaporudisha propela, paka grisi isiyotoka majini kwenye meno ya shafti, kumbuka ile washa nene ya mbele inayobeba msukumo, kaza nati, weka kotapini mpya, ile pini inayozuia nati isifunguke. Washa hiyo ikisahaulika, propela inasogea mbele na kusaga mwili wa gia boksi. Baada ya safari ya kwanza kagua nati tena.

Kisha pima mizunguko ya mwisho ukiwa na mzigo wako wa kawaida. Injini nyingi za mipigo minne zinatakiwa kufika kati ya 5,000 na 6,000 kwa dakika mafuta yakiwa wazi kabisa, lakini kiwango cha injini yako kimeandikwa kwenye kitabu chake, kifuate hicho. Ikipita kiwango bila kuteleza, pichi ya propela, yaani umbali ambao ingesonga mbele kwa mzunguko mmoja, ni ndogo. Isipofika, ni kubwa. Kila inchi moja ya pichi hubadilisha takriban mizunguko 150 mpaka 200.

Nimewaona baadhi yenu mmekuja na propela zenu. Zileteni hapa mezani, na mwenye rangi ya kucha aitoe.